Mnunuzi anasema tusiisafishe saa ya marehemu baba. Ana nia gani?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni wa pili katika watoto watatu. Baba yetu alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa injinia wa meli, na kwa muda wote niliomjua alivaa saa moja tu, Rolex GMT-Master ya chuma aliyoinunua mwenyewe mwaka 1974 baada ya safari ndefu. Ni ile yenye pete ya juu nusu nyekundu nusu buluu, na mshale wa nne wa kuonyesha saa za nchi nyingine. Alipostaafu mwaka 1999, wenzake walimchongea maandishi mgongoni mwa saa: jina lake, jina la meli na mwaka. Tangu afariki imekaa kwenye droo ya mama, ndani ya soksi yake mwenyewe baba.

Mwaka huu mama ametuita akasema iuzwe. Saa haikatwi vipande vitatu, na hataki ije itugombanishe yeye akiwa hayupo. Tulikubali wote.

Kaka akapata mnunuzi kupitia rafiki yake. Huyu bwana si muuza vito wa kawaida. Kazi yake ni saa za zamani za Uswisi, basi, na watu watatu tuliowauliza wametuambia anaijua kazi yake. Tulimtumia picha nne. Haikupita saa nzima akajibu kwa maswali. Alitaka picha ya ubavu, picha ya mgongo, na picha ya uso isiyopigwa kwa tochi ya simu. Akauliza kama zipo karatasi, risiti, au "kitu chochote kilichowahi kutolewa kwenye saa". Mwisho akaandika: "Naomba msiisafishe, msiing'arishe wala msibadilishe chochote hadi niione." Bei aliyotaja ni ya kukadiria, na kati ya kiwango cha chini na cha juu pengo ni kubwa mno. Anasema bei kamili ataitoa akishaifungua mbele yetu.

Hapo ndipo tulipogombana. Kaka anauliza, ni nani anayetaka kununua kitu halafu anaomba kibaki kichafu? Anaamini ni ujanja: atakuja, atasema imechakaa, atatupunguzia. Ameshaongea na fundi. Fundi atapiga msasa kasha lote na kuling'arisha, atafuta yale maandishi ya mgongoni (kaka anasema hakuna atakayetaka kuvaa jina la marehemu wa watu), na ataweka pete mpya kwa sababu ya baba imepauka. Nyekundu imekuwa kama waridi, buluu imekuwa kijivujivu.

Kuna jambo jingine. Katika makaratasi ya baba nimekuta risiti ya matengenezo ya mwaka 1996. Imeandikwa kwamba mishale ilibadilishwa. Pamoja nayo kuna bahasha ndogo yenye mishale ya zamani, myembamba, yenye kutu kidogo. Kaka anasema nisithubutu kuitoa, maana tukikiri kwamba kitu kilibadilishwa tumejikata bei wenyewe. Karatasi ya dhamana aliyopewa baba siku ya kununua hatuioni popote.

Mdogo wetu naye anasema tuachane na huyu mtu, tuipeleke kwenye mnada mkubwa nje.

Mjomba, mimi naogopa kudanganya, na vilevile naogopa kudanganywa. Huyu mtu anajua kila kitu na sisi hatujui lolote. Tutakaaje naye meza moja? Na je, niijaze saa siku ile aone kwamba bado inatembea? Miadi ni baada ya siku kumi na moja.

Binti wa Injinia

Marahaba, binti wa Injinia.

Weka chini unachosoma, mpigie fundi simu sasa hivi umwambie kazi imesimama. Kama saa iko kwake, iendee leo. Ukirudi tutaendelea.

Umeuliza mnunuzi huyu ana nia gani. Ana nia ya kununua saa ambayo haijaguswa, kwa sababu hiyo ndiyo atakayoweza kuwauzia wateja wake. Kaka yako anaifikiria saa kama gari, kwamba ukiliosha na kulipiga rangi kabla ya kuliuza linapanda bei. Kwa mtu anayetaka tu kitu cha kung'aa mkononi, anaweza kuwa sahihi. Kwa wakusanyaji wa saa za zamani ni kinyume kabisa. Wanatafuta chuma kilekile kilichotoka kiwandani, uso uleule, rangi iliyozeeka yenyewe. Mikwaruzo ya nusu karne hawaiogopi. Wanauogopa msasa.

Ichukue saa, kaa nayo kando ya dirisha. Kasha lina masikio manne yanayoshika mkanda, mawili juu na mawili chini. Kwenye modeli hii kila sikio lina tundu dogo lililotoboka hadi nje, ndimo pini ya mkanda inamokaa. Tazama tundu lile limekaa umbali gani na ukingo wa sikio. Kisha tazama ukingo wenyewe: ulipotoka kiwandani ulikuwa na mkato mwembamba wa mshazari, unaopita juu ya sikio kama mstari wa mwanga. Kila saa inapong'arishwa, gurudumu la fundi linakula chuma kidogo. Mkato ule unafifia, kona zinaviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika, na tundu linasogelea ukingo. Aliyezoea huliona hilo kwa macho matupu, kabla hata hajatoa lenzi mfukoni. Siku hizi wapo wanaojazia chuma kwa leza na kuchonga masikio upya, na wengine wanafanya kazi nzuri sana, lakini saa iliyopita huko mkusanyaji haihesabu tena kuwa ya asili.

Nalijua hili kwa kuumia. Nilirithi Omega Seamaster ya mjomba wangu, na nilipotaka kuiuza niliipeleka kwanza ikang'arishwe. Mgongoni ilikuwa na farasi wa bahari, ile alama ya Seamaster, amechomoza vizuri na singa zake zinahesabika. Ilirudi inameremeta. Mnunuzi aliipokea, hakuangalia uso wala saa ngapi. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya farasi yule, na nikaona sura yake inabadilika. Farasi alikuwa amebaki kivuli. Aliinunua, kwa bei ya vipuri vyake. Hadi leo nikiona Seamaster mgongo wake mzima, moyo unaniuma, na sababu si pesa tu.

Pete ya juu nayo iacheni. Ni bamba jembamba la alumini lililotiwa rangi, limebanwa mahali pake, na bisibisi ikichokonoa vibaya linapinda au linapasuka. Huko kupauka mnakokuonea aibu ni kazi ya jua na miaka, na hakuna pete mbili zinazopauka sawa. Kuna wakusanyaji wanaotafuta nyekundu iliyokuwa waridi na buluu iliyokuwa kijivu kama wanavyotafuta almasi. Kama kaka ameshanunua pete mpya, iwekeni kando ndani ya mfuko wake. Isivalishwe.

Sasa tuje kwenye mishale, kwa sababu hapo ndipo mnaweza kujiharibia pabaya zaidi.

Saa ya baba, kama ni ya 1974 kama unavyosema, itakuwa modeli namba 1675. Rolex walianza kutoa GMT-Master mwaka 1955 kwa ajili ya marubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, waliokuwa wakivuka saa za nchi nyingi kwa siku moja, na hiyo 1675 ilitengenezwa tangu 1959 hadi karibu 1980. Angalia chini kabisa ya uso, chini ya alama inayokaa mahali pa namba 6, karibu na neno SWISS. Utaona herufi T ndogo sana. Maana yake rangi ya kung'aa gizani ina tritiumu, kemikali yenye mnururisho, na tritiumu hupungua nusu kila baada ya miaka kumi na miwili na kidogo. Tangu 1974 imeshapungua nusu mara nne, imebaki kama sehemu moja ya kumi na sita. Vile vidoto usoni vilivyokuwa vikimwongoza baba usiku havimulikii tena mtu njia, na rangi yake imekuwa ya maziwa yaliyochemka sana au zaidi ya hapo. Mishale iliyowekwa 1996 ni midogo kwa miaka ishirini na miwili. Haiwezi kuwa na rangi moja na uso. Kwa jicho lako ni nyeupe na nyeupe. Kwa jicho lake ni kama shati jipya juu ya suruali ya zamani.

Ndiyo maana nakuambia, pengine ameshaona. Rudia kusoma swali lake: kama kipo "kitu chochote kilichowahi kutolewa kwenye saa". Hakulitoa hewani. Ameitazama picha ya uso, ameona mishale haiendani na vidoto, na anauliza kwa adabu kama ile ya asili ipo. Mnayo, kwenye bahasha! Mishale ileile iliyozeeka pamoja na uso ule, hata ikiwa na kutu kidogo, kwa mtu huyu ni kitu cha kutafutwa mwaka mzima. Kaka anataka kuificha ili asipunguziwe bei, na hicho anachokificha ndicho kitakachoipandisha.

Na isitoshe, haifichiki. Mafundi wa saa wana mazoea ya zamani ya kukwaruza tarehe au alama yao upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma kila wanapoifanyia kazi. Yeye akiufungua ataelekeza lenzi hapo kwanza. Akikuta alama ya 1996 na ninyi mmesema haijawahi kuguswa, hatawagombeza. Atanyamaza, na kuanzia hapo kila mtakachosema, hata kile cha kweli, hakitakuwa na thamani kwake. Bei itashuka kwa sababu ya ninyi, saa haitakuwa na kosa.

Kwa hiyo nenda na bahasha, na risiti, na uviweke mezani kabla hajauliza mara ya pili. Mwambie: mishale ilibadilishwa mwaka huo, hii hapa ya awali, hatujui kingine chochote kilichobadilishwa. Maneno hayo ya mwisho nayo ni muhimu. Usimwapie kwamba "kila kitu ni cha asili", maana hulijui hilo. Sema unachokijua na uishie hapo.

Tafuteni pia ile dhamana, japo msikate tamaa mkiikosa. Za miaka ile zilikuwa karatasi zenye namba ya saa iliyotobolewa kwa vitundu vidogo, na mara nyingi watu walizikunja ndani ya pochi ya pasipoti au kitabu cha benki. Wapo watengenezaji, kama Patek Philippe na Longines, wanaoweza kukuchapia taarifa ya saa yako kutoka kwenye kumbukumbu zao. Rolex hawana huduma ya namna hiyo, ndiyo maana karatasi ya asili ya Rolex ina bei yake yenyewe. Badala yake kusanya kilichopo: risiti ya 1996, kitabu cha baba cha ubaharia, na hasa picha. Hakuna picha yake akiwa kazini, mkono umeshika kitu, saa inaonekana? Itafute. Zile pingili za mkanda zilizotolewa ili umtoshe, kama zimo ndani ya kopo la vifungo, zichukue pia.

Kuhusu maandishi ya mgongoni nitakuambia ukweli wote, hata usiopendeza. Kwa wanunuzi wengi jina la mtu mwingine hushusha bei kidogo, na kaka hajakosea kulihisi hilo. Alipokosea ni dawa. Kuyafuta ni kula chuma cha mfuniko, na mfuniko uliokonda huonekana na huhisika. Unaondoa dosari ndogo kwa kuweka kubwa. Halafu kuna upande wa pili. Saa hii ilinunuliwa na injinia wa meli, ilikwenda baharini naye robo karne, jina lake na la meli yapo, risiti ina jina hilohilo, picha ipo. Kwa mkusanyaji anayependa saa zilizofanya kazi zilizotengenezewa, huo ni ushahidi unaoshikana. Mwaka 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 17. Mgongoni ilikuwa na maneno matatu ambayo mkewe aliyachongesha ya kumwambia aendeshe kwa uangalifu. Baba yako hakuwa nyota wa sinema na bei haitafanana hata kwa mbali, nisikupe matumaini ya uongo. Ila hakuna aliyefikiria kuyafuta maneno yale. Ya baba yako yaacheni, na atakayeinunua ataamua mwenyewe.

Sasa hofu yako ya pili, ya kudanganywa. Ina haki. Kujua kazi na kuwa mwaminifu ni vitu viwili, na mtu anayejua sana anaweza kuutumia ujuzi huo kwa faida yake peke yake. Huwezi kumshinda ujuzi kwa siku kumi na moja, wala usijaribu kujifanya unajua. Atakugundua kwa sentensi ya pili. Unachoweza ni kuufanya ujuzi wake ufanye kazi mbele yako kwa sauti.

Bei yake ya awali ina pengo kubwa kwa sababu ya haki kabisa. Hajaiona mashine ya ndani, hajajua kama uso ni wa kiwandani au umepakwa upya, hajatazama masikio kwa karibu. Uso peke yake unaweza kubeba sehemu kubwa ya thamani ya saa kama hii. Kwa hiyo akimaliza kuikagua, usiulize "mwisho shilingi ngapi". Muulize: uso unauonaje? Kasha limewahi kung'arishwa mara ngapi kwa makadirio yako? Pete je? Mkanda ni wa saa hii au uliletwa baadaye? Mishale ya kwenye bahasha inaongeza nini? Kila kimoja akupe sababu na uzito wake. Msikilize kama anataja mazuri pamoja na mabaya. Anayehesabu dosari kumi na asione jema hata moja kwenye saa aliyosafiri kuja kuiona, huyo anakuandaa. Anayekuambia "uso huu ni mzuri sana, lakini mkanda umelegea", huyo anakufundisha bei huku anainunua, na mara nyingi ndiye wa kumuuzia.

Kabla ya siku hiyo, mfanye jambo moja la kazi ya nyumbani. Nyumba za minada kama Phillips, Christie's, Sotheby's na Antiquorum huchapisha bei ambazo saa zimeuzwa kweli. Tafuteni 1675 za miaka ya katikati ya 1970, zenye hali inayokaribiana, msome maelezo yake mstari kwa mstari. Msitazame bei za matangazo, maana hizo ni matamanio ya muuzaji. Na mkumbuke kwamba bei ya mnada ina ada ya mnunuzi ndani yake, haikwenda yote kwa mwenye saa. Huyu bwana atalazimika kuifanyia huduma, kuidhamini kwa mteja wake, na pengine kukaa nayo miezi. Atawapa chini ya bei atakayoiuzia, na hilo si wizi. Wizi ni pengo lisilo na maelezo. Pelekeni picha zilezile kwa wajuzi wengine wawili mpate makadirio yao, na mwambieni wazi kwamba mmefanya hivyo. Aliyezoea kazi hii hachukii.

Mdogo wenu na mnada: si wazo baya. Saa yenye historia na mishale yake ya asili inaweza kupendwa na watu wawili chumba kimoja, na hapo ndipo mnada unapolipa. Lakini ni suala la miezi, kuna kamisheni ya kujadiliana, usafirishaji na bima, na msipokubaliana bei ya chini ambayo haiuzwi pungufu yake, inaweza kuondoka rahisi. Ikikosa mnunuzi inarudi nyumbani na kila mtu amejua ilikosa mnunuzi. Ningemsikiliza kwanza mtu wa mezani, halafu mnada ubaki mlango wa pili.

Kwenye usalama nitakuwa mfupi. Namba ya modeli iko katikati ya masikio ya juu, chini ya mkanda, na namba ya mfululizo iko katikati ya masikio ya chini. Msiutoe mkanda wenyewe kwa kisu. Mtakwaruza palepale anapotaka kusoma. Picha yenye namba ya mfululizo msiitume kwa mtu hovyo, funikeni tarakimu za mwisho. Yeye ataihitaji kamili siku ya kununua, kwa sababu wanunuzi makini hukagua namba kwenye hifadhi za saa zilizoibwa kama The Watch Register, na mnunuzi anayekagua ni ishara njema kwenu. Mfuniko ufunguliwe mbele yenu. Akisema anahitaji kukaa nayo siku mbili, akupe karatasi iliyosainiwa yenye namba zote mbili, maelezo ya hali yake na picha, na bei ambayo atawajibika nayo ikipotea. Saa iondoke mikononi mwenu pesa ikiwa imeingia kwenye akaunti na benki yenyewe imethibitisha. Picha ya muamala kwenye simu yake haitoshi. Na ninyi watatu pamoja na mama mwandike karatasi moja ya kukubali kuuza, muisaini kabla ya kukutana naye, ili pasiwe na mtu wa kusema kesho kwamba hakushirikishwa.

Mkifungua mfuniko mkaona kwenye mashine imeandikwa 1570 badala ya 1575, namba ya mashine ya modeli hii mliyoisoma mahali, msishtuke wala kaka asimrukie mtu. Mashine za modeli hii mara nyingi zilipigwa chapa hiyo.

Umeuliza kama uijaze. Hapana. Imelala miaka sita, na kama haijafanyiwa huduma tangu 1996 mafuta yake yamekauka au yameganda. Ukiiendesha hivyo vyuma vinasuguana vikavu, na kwa kuitikisa siku moja tu ili "ionekane inatembea" unaweza kuchakaza ekseli ambayo kuipata ni kazi. Usiioshe pia, mpira unaozuia maji ni wa zamani kama hiyo risiti. Hakikisha tu kile kitufe cha kujazia kimekazwa hadi mwisho.

Mwache aijaze mwenyewe, mizunguko michache, kisha ataiweka kwenye kimashine kinachosikiliza mapigo yake. Mashine ile hupiga mara 19,800 kwa saa, na kimashine kitamwonyesha inawahi au inachelewa sekunde ngapi kwa siku na gurudumu la mizani linayumba nyuzi ngapi. Ikiwa chini ya 200, atasema inahitaji huduma kamili na ataitoa gharama yake kwenye bei. Atakuwa na haki. Wewe muombe aitaje gharama hiyo peke yake, kwa tarakimu, iandikwe.

Usiku wa kuamkia siku ya miadi, mpe mama aishike. Piga picha ya mgongo wa saa vizuri, kwa mwanga wa dirisha, jina la baba lisomeke lote. Kisha irudishe kwenye soksi yake, uende nayo hivyohivyo.

Mjomba